Steringi kabadilika kweli au kabadili shati tu? Jinsi ya kuangalia

Juzi tumekaa uani hapa Chikongola tunabangua korosho, mdogo wangu akaniuliza kaka hivi we unajuaje kama mtu kwenye muvi kabadilika kweli, maana mwalimu kawapa kazi ya kuandika na yeye kaandika mstari mmoja tu, mwanzo alikuwa mbaya mwisho akawa mzuri. Nikamwambia hiyo hata aliyesinzia kibandani anaiandika.

Tukaweka Groundhog Day ya mwaka 1993, ile ya Bill Murray, kama huna nenda kwa wale wanaojaza muvi kwenye fleshi. Steringi ni Phil, mtangazaji wa hali ya hewa wa huko Marekani, mtu wa dharau, katumwa kimji kidogo kuripoti sherehe ya tarehe 2 Februari af anakwama, kila akiamka saa 12 asubuhi redio inapiga wimbo uleule, siku ileile, watu walewale, na mpaka muvi inaisha hamna anayetuambia kwa nini. Ndo maana naipenda kufundishia, kila kitu kimesimama anayesogea ni yeye tu.

Kwaiyo kwanza shika kitu kinachojirudia. Hapa mshike Ned, muuza bima king'ang'anizi aliyesoma na Phil. Mara ya kwanza Phil anamkwepa anaishia kukanyaga dimbwi, kuna siku anamchapa ngumi, mwishoni kanunua kwake bima lundo. Ned mwenyewe ni yuleyule hajabadilika hata nukta! Ziandike hizo tatu zikae pamoja, ushapata nusu ya kazi.

Pili, na hapa ndo wengi wanateleza, usichanganye kujua na kubadilika. Katikati Phil anakariri kila anachopenda Rita, yule dada anayefanya naye kazi, kinywaji chake, hadi mashairi ya Kifaransa, lengo ampate tu, na anachovuna ni makofi. Anajua mengi ila ni mtu yuleyule. Ni kama dogo akitoka jandoni, ana nguo mpya na jina jipya, ngoma inalia wote tunashangilia, ila mama yake anasubiri wiki ya pili aone kama atachota maji bila kutumwa.

Sa hiyo wiki ya pili ndo unayoitafuta kwenye muvi, yaani pale anapofanya kitu ambacho hakimlipi. Kuna mzee ombaomba Phil alikuwa anampita tu kama hamuoni, baadaye anamlisha, anahangaika naye na bado mzee anakufa usiku uleule, na asubuhi hamna atakayekumbuka kwamba alijaribu. Kuna mtoto anaanguka mtini, Phil anakimbia kumdaka kila siku na dogo hajawahi hata kusema asante. Mdogo wangu hapo aliacha kubangua, korosho zikabaki mkononi. Andika kurasa zako nyingi hapo, mapenzi na Rita pitia juujuu tu maana kila mtu ataandika hayo.

Mambo ya muziki na kamera kama hujui acha, usijaze karatasi.

Basi dogo akaandika, akaanza na "Ned alibaki vilevile", akafurahi kweli. Karatasi ikarudi, pembeni mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: Ned ni nani?