Safari ya ng'ambo kwa ajili ya kukereza mbao: jinsi nilivyopanga ya Seiffen, Ujerumani

Wakereza wenzangu, salaam. Tangu nirudi mwezi wa tisa nimeulizwa sana juu ya nauli. Nauli hupanda na kushuka kila wiki, hiyo muulizeni wakala wenu. Hapa naeleza jinsi ya kuipanga safari yenyewe, ili ukirudi uwe na kitu kipya mkononi na si picha za simu tu.

Hatua ya 1: Anza na karakana, jiji litafuata

Wengi wetu huchagua jiji kwanza, Paris au London, halafu ndipo tunaanza kutafuta kama jirani kuna fundi wa keezo, ile mashine inayozungusha mti huku fundi akiukata kwa patasi. Mimi nakusihi uanzie upande wa pili. Jiulize: ni kazi gani ya keezo ambayo hujawahi kuielewa hata kwa kuitazama kwenye video mara ishirini? Nenda inakofanyika.

Kwangu mimi ilikuwa kukereza pete, kazi ambayo Wajerumani huiita Reifendrehen. Inafanyika Seiffen, kijiji cha milima ya Erzgebirge, jimbo la Saxony, karibu kabisa na mpaka wa Czech. Watu wa pale walikuwa wachimbaji wa bati. Bati lilipopungua wakashika mbao, na mnamo mwaka 1800 hivi ukazuka ufundi huu wa kutengeneza wanyama wadogo wa kuchezea kwa wingi na kwa bei ndogo.

Kazi yenyewe iko hivi. Gogo la Fichte, mti wa jamii ya misonobari, hukatwa kipande kama kigoda na kufungwa kwenye keezo likiwa bado limelowa maji, kwa sababu mkereza anakata upande wa kichwa cha gogo na mti mkavu ungechanika. Anachimba mifereji ya duara: hapa tumbo, hapa nafasi kati ya miguu. Kisha anageuza na kukata mgongo, shingo na kichwa, mpaka pete nzima inaachana na gogo. Ukiitazama pete hiyo huoni mnyama yeyote, unaona duara lenye mabonde tu. Halafu anachukua kisu na nyundo, anaipasua kama mtu anayekata keki, na kila kipande kinachoanguka ni ng'ombe. Au tembo. Umbo lote alilibeba kichwani, bila kuliona, kwa muda wote aliokuwa anakata. Maranda yanaruka marefu na yenye unyevu, yanakunasa kwenye mikono ya shati.

Nimekereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi kwa miaka kumi na mitatu, na sijawahi kufikiria mti kwa namna hiyo.

Hatua ya 2: Msimu

Usiende Desemba. Seiffen ni kijiji cha mapambo ya Krismasi, wageni hujaa mpaka barabarani, na mafundi wana oda za kumaliza, hawana nafasi ya kuzungumza na wewe. Mei, Juni au Septemba ni afadhali.

Hatua ya 3: Viza na barua

Kwa sisi wenye pasipoti za Tanzania na Kenya ni viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo. Mtu mzima analipa euro 90. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla. Mimi nakushauri miezi mitatu, maana kupata siku ya miadi peke yake kunaweza kula wiki.

Kwenye barua ya maelezo andika ukweli kwamba unakwenda kuona ufundi wa kukereza, taja makumbusho na siku utakazokaa kila mahali. Niliambatanisha picha za keezo yangu na bakuli nne nilizotengeneza. Hakuna aliyeniomba, ila afisa wa dirishani alizitazama moja moja na mazungumzo yakawa mepesi.

Hatua ya 4: Kufika na kukaa

Nilipita Dresden, nikashika treni ya Chemnitz, kutoka hapo treni ndogo ya kwenda Olbernhau, halafu basi la kupanda Seiffen. Kaa usiku tatu kijijini. Siku ya kwanza nenda makumbusho ya vifaa vya kuchezea, yaliyofunguliwa mwaka 1953. Siku ya pili nenda makumbusho ya wazi, ambako kuna karakana ya zamani inayoendeshwa kwa gurudumu la maji, na kukereza pete kunaonyeshwa. Siku ya tatu rudi pale pale. Mara ya kwanza macho yanafuata maranda. Mara ya pili ndipo unaona mkono wa kushoto unafanya nini.

Kama una siku ya ziada, nenda Markneukirchen, upande wa magharibi wa Saxony. Ni mji wa watengeneza ala za muziki, na makumbusho yake yalianzishwa mwaka 1883. Pale utakutana na mpingo. Wao huuita Grenadill, nao ndio mti wa klarineti na obo. Nilisimama mbele ya kabati la kioo nikaitambua rangi ile, weusi wenye uzi wa kahawia ukiinama kidogo. Mti unaoota kwetu Lindi na Kilwa, umekerezwa kule kwa wembamba ambao mimi sijaufikia.

Hatua ya 5: Mizigo na ununuzi

Bobari (patasi za mkunjo) na patasi ziende kwenye begi linaloingia chini ya ndege, kila ncha ikiwa imefungwa kwa kipande cha mpira na utepe wa gundi. Ulaya, zana yenye makali yanayozidi sentimita 6 huruhusiwi kuingia nayo ndani ya ndege. Vanishi, thina na spiriti viache nyumbani. Havisafiri kokote, juu wala chini.

Kabla ya kununua chaki ya taya nne, kile kifaa cha kubana mbao kwenye keezo, pima uzi (meno ya skrubu) wa mhimili wa keezo yako. Mashine nyingi za Ulaya zina M33 x 3.5, yaani upana wa milimita 33 na milimita 3.5 kutoka jino hadi jino. Mimi nilinunua bila kupima, dukani wakanihakikishia kuwa "inaingia zote", nikafika nyumbani haiingii, na kuirudisha kungegharimu kuliko bei yake. Andika kipimo kwenye karatasi, kiweke ndani ya pasipoti.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo kaka. Nataka kuwapelekea mafundi zawadi ya mpingo. Naweza kubeba vipande vibichi?* (Mwanachama, Mtwara)

Marahaba mdogo wangu. Vipande visivyotengenezwa, usibebe bila vibali. Tangu Januari 2017 mpingo uko kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo unahitaji kibali cha kutoka huku na kibali cha kuingia Ulaya. Vitu vilivyokwisha kutengenezwa vimesamehewa hadi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kwa hiyo kereza kwanza. Nilipeleka vipini vitatu vya patasi, na mzee mmoja alikaa anakizungusha kimoja kidoleni bila kusema neno.

*Mume wangu hajui keezo wala randa. Atafanya nini siku tatu nzima?* (Dada wa Nakuru)

Dada, mwambie ukweli mapema. Milima ile ina njia nzuri za kutembea, na kanisa la Seiffen la pembe nane, la mwaka 1779, linapendeza. Kisha mpe yeye siku mbili za Dresden, na siku hizo usitafute duka la patasi.

*Niko Columbus, Ohio. Nikinunua keezo Ujerumani itafanya kazi hapa?* (Mwanachama)

Usinunue. Kule umeme ni volti 230, kwako ni 120, na keezo nyingi za Marekani zina uzi wa inchi 1 kwa 8, yaani upana wa inchi 1 na meno 8 kwa kila inchi. Tena kwako kuna mengi: jumba la Museum for Art in Wood liko Philadelphia, na chama cha wakereza wa Marekani, AAW, hufanya mkutano wake kila mwaka katika mji tofauti.

*Sijui Kijerumani hata neno. Na je, wanakubali mgeni ajaribu?* (Mwanachama, Tanga)

Jifunze sentensi moja: "Darf ich zuschauen?", yaani, naomba nitazame. Ukishaisema, simama upande wao, usisimame mbele ya keezo, na simu iache mfukoni mpaka waruhusu.

Kwenye keezo ya pete mimi sikuruhusiwa, na ni haki yao. Ila kwenye karakana moja, jioni, nilipewa kisu na nyundo nipasue pete iliyokwisha kukerezwa. Kipande cha kwanza kilitoka kinene nyuma na chembamba mbele. Cha pili kilivunjika mguu. Cha tatu kilianguka mezani, nikakigeuza, nikaona farasi. Ukipewa nafasi hiyo, elekeza kisu katikati ya duara kila mara. Usikifuatishe na kipande kilichotangulia.