Mto wa sufi kwa pigo la pili

Wapiga dramu wenzangu wa Unguja, mkizungusha mapigo mawili mawili, kulia-kulia kushoto-kushoto, kutoka snea (ngoma ndogo yenye sauti kali, mbele yako) hadi tomu kubwa ya chini (ngoma nene iliyosimama upande wa kulia), pigo la pili hufa njiani. Snea imekazwa, inairudisha fimbo yenyewe. Tomu ya chini imelegea, hairudishi kitu. Basi fanya mazoezi juu ya mto wa sufi, dakika 10, mapigo 60 kwa dakika, na pigo la pili ulitie nguvu kuliko la kwanza. Mto haukusaidii hata chembe, kwa hiyo vidole vinalazimika kuivuta fimbo ndani ya kiganja. (Na hata ukipiga baada ya Isha, jirani hasikii.) Kisha rudi kwenye dramu, kila ngoma mapigo manne.

Mto haufundishi kuhama kutoka ngoma moja hadi nyingine. Ukirudi kutoka tomu ya chini kuja snea, anza na mkono wa kushoto, la sivyo mikono itapishana na fimbo zitagongana. Na kiwiko kikianza kuuma, ujue umeikamata fimbo kama mchi. Legeza au acha siku hiyo.