Ukwaju wa Januari, Tangawizi ya Julai: Vinywaji vya Nyumbani vya Joto na Baridi

Nilizaliwa Njoro, kaunti ya Nakuru, nikaolewa Kisumu. Kazi yangu ni vinywaji. Sehemu kubwa ya mwaka nauza ukwaju na uji pale soko la Kibuye, na ikifika Juni au Julai narudi kwetu Nakuru kwa wiki kadhaa, nauza chai na dawa, kile kinywaji cha moto cha tangawizi, ndimu na asali, alfajiri karibu na steji ya matatu. Ni safari ya kupitia Kericho tu, lakini Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru iko karibu mita 1,850. Tofauti hiyo ya kimo nimeikuta ndani ya sufuria zangu: maji hayachemki sawa, uji hauchachi sawa, na mteja anayesimama mbele yangu haombi kitu kilekile.

Januari na Februari Kisumu, jua linapopiga mabati na upepo wa ziwani haujafika, mtu anataka kitu kichachu chenye chumvi kidogo. Julai Nakuru, ukungu ukiwa bado juu ya Menengai na vidole vimekufa ganzi, anataka ukali unaoshuka kooni na kubaki kifuani. Nikianza kuunda kinywaji chochote hujiuliza kwanza: uchachu au ukali? Sukari naifikiria mwisho. Wengi huanza na sukari, ndiyo maana juisi zao zinakata kiu kwa dakika tano tu.

Kabla ya yote, maji

Tafadhali usiruke sehemu hii. Sisi wa kando ya ziwa tunakijua kipindupindu, na mtu akinunua kikombe kwangu amenikabidhi tumbo lake na la watoto wake. Chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini, uyaache yatokote hivyo dakika moja. Hiyo inatosha Kisumu na Nakuru mjini. Ukiwa Molo au Kuresoi, juu ya mita 2,000, yaache dakika tatu, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka yakiwa na joto dogo zaidi. Kisumu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, Nakuru 94. Yapoe yakiwa yamefunikwa, ndani ya chombo hichohicho au kingine kilichosuuzwa kwa maji ya moto.

Na barafu je? Barafu ni maji. Nimeona mtu akichemsha ukwaju wake kwa uangalifu wote, kisha akatumbukiza barafu iliyonunuliwa kwa ajili ya samaki. Ile ya ufuoni ni ya kuhifadhia samaki, haikukusudiwa kunywewa. Gandisha maji yako mwenyewe yaliyochemshwa, kwenye vikopo vyenye vifuniko. Kama huna friji, nunua chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kiweke kivulini penye upepo, juu ya mchanga wenye unyevu. Maji hupenya polepole kwenye udongo, yakikauka nje yanachukua joto la yale ya ndani. Wakati wa kiangazi chungu hiki kinafanya kazi vizuri sana. Mvua za Aprili zikianza, hewa ikijaa unyevu, usikitegemee sana.

Ukwaju, kwa siku za joto

Wajaluo huuita *chwaa*, na mikwaju ipo mingi upande wa ziwa. Ukiwa sokoni, usinunue kwa macho peke yake, bonyeza. Ukwaju mzuri ni wa kahawia inayoelekea wekundu, unanata kidoleni, una harufu kama ya tunda lililokaushwa. Mweusi mkavu unaovunjika umekaa sana, na ukiona vitundu vidogo kwenye kokwa, wadudu wamekutangulia. Vipimo vifuatavyo vinatoa lita tatu hivi.

Hatua ya 1. Chukua gramu 250 za ukwaju wenye kokwa. Ondoa vipande vya maganda na zile nyuzi ndefu, uusuuze haraka kwa maji yaliyochemshwa. Usiuloweke hapo, utapoteza uchachu bure.

Hatua ya 2. Uweke kwenye bakuli la kioo, la plastiki ngumu au la chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na uchachu wa ukwaju huila alumini. Ukiulaza humo usiku mzima, asubuhi utaonja chuma. Mimina lita moja ya maji ya moto, funika, uache dakika 40.

Hatua ya 3. Osha mikono kwa sabuni hadi viwikoni, ukate kucha kama ni ndefu. Sasa fikicha. Hapa ndipo watu wanapoharakisha. Mwanzoni unashika mabonge, kisha nyama ya tunda inaanza kuachia, na kokwa zinaanza kukuponyoka kati ya vidole. Endelea mpaka ukiinua kokwa moja uione inang'aa, kahawia nyeusi, laini kama kifungo cha koti. Kokwa ikitoka bado imevaa utando, ukwaju wako bado umo ndani yake. Mimi huchukua dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano, na sitaki blenda ikaribie hapa, kwa sababu ikipasua kokwa juisi inakuwa chungu.

Hatua ya 4. Chuja kwa chujio lenye matundu madogo. Makapi yaliyobaki yarudishe bakulini, ongeza nusu lita ya maji ya moto, fikicha tena, chuja. Mkamuo huu wa pili ni mwepesi lakini una harufu nzuri. Changanya na wa kwanza.

Hatua ya 5. Pembeni, chemsha nusu lita ya maji pamoja na gramu 50 za tangawizi iliyotwangwa na gramu 200 za sukari, dakika kumi. Chuja, umimine kwenye ukwaju. Tia robo kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi hii hutaionja, lakini ukiiacha utajua kuna kitu kimekosekana.

Hatua ya 6. Ongeza maji baridi yaliyochemshwa hadi lita tatu. Onja ikiwa tayari imepoa. Ulimi hauonji utamu wa kitu baridi kama unavyoonja wa kitu cha moto, kwa hiyo ukirekebisha sukari juisi ikiwa ya moto, kesho utaiona imepungua. Mnapoitoa mezani kwa barafu, ifanye iwe kali kidogo kuliko unavyopenda, maana barafu itayeyuka.

Isiyo kwenye friji inywewe siku hiyohiyo. Kwenye friji, siku tatu, na kabla ya kuiweka huwa naichemsha dakika tano, kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ndipo naipoza.

Nasisitiza hili kwa sababu ya jambo lililonipata. Mwaka wangu wa pili sokoni niliweka juisi ya tangawizi na sukari kwenye chupa za plastiki, nikazifunga sana na kuziacha chini ya meza siku mbili, mwezi wa Februari. Sukari, joto na chachu za hewani zilifanya kazi yao. Mteja mmoja aliipeleka chupa nyumbani na ikampasukia mkononi akiifungua. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini mtoto wake alikuwa amesimama karibu. Tangu siku hiyo chupa yangu haijazwi hadi mdomoni, haikai kwenye joto, na ukiiona imevimba na kuwa ngumu kama mpira, usiifungue karibu na uso. Ipoze kwanza, legeza kifuniko polepole nje, umwage.

Uji wa kuchachusha, wa misimu yote miwili

Huu nilifundishwa na mama mkwe, na ndio ulionionyesha kwamba Kisumu na Nakuru ni jikoni mbili tofauti.

Changanya vikombe viwili vya unga, nusu wimbi na nusu mtama, na vikombe vitatu vya maji yaliyochemshwa kisha yakapoa hadi vuguvugu. Ukiyatia yakiwa ya moto utaua vijidudu vinavyochachusha, navyo vimo ndani ya unga wenyewe. Funika kwa kitambaa safi, usifunge kabisa. Kisumu mwezi wa Februari, unakuwa tayari kesho yake wakati kama huo. Mara ya kwanza nilipoufanya Nakuru Julai, nilisubiri siku moja, nikapika, nikapata uji wa kawaida usio na ladha yoyote. Nikampigia simu mama mkwe. Akaniuliza, "Umeuweka wapi, mwanangu?" Nikamwambia sakafuni, jikoni. "Wewe ungelala sakafuni huko Nakuru?"

Sasa nauweka kando ya jiko, juu ya kigoda, nimeuzungushia blanketi, na nauacha siku mbili, baridi ikizidi siku tatu. Saa si kitu. Angalia na unuse. Ukiwa tayari, maji yamejitenga juu kidogo, viputo vidogo vinapanda ukikoroga, na harufu ni kama ya mala, chachu na safi. Ukiona ukungu wa manyoya, wa kijani, mweusi au waridi, au harufu ikakurudisha nyuma, mwaga wote. Usikwangue juu ukidhani chini ni salama. Kabla ya kupika, bakiza vijiko vitatu vya mchanganyiko huo; ukivitia kwenye unga unaofuata, utachacha haraka zaidi.

Kupika ni kwepesi. Chemsha lita mbili za maji, mimina mchanganyiko polepole huku mkono mwingine ukikoroga bila kusimama, kisha punguza moto na uache uive dakika 20. Uji wa wimbi ambao haujaiva una ladha ya vumbi, utaijua. Kisumu nauacha mwepesi na kuupoza, tia sukari kidogo, watu wanaunywa adhuhuri na unawashikilia hadi jioni. Nakuru nauacha mzito na wa moto, na naongeza kijiko cha siagi ya karanga. Kama huna muda wa kuchachusha, kamulia ndimu au tia ukwaju uliochujwa baada ya kuipua. Utakuwa mchachu, ingawa hautakuwa na ule mwili wa uji uliochacha wenyewe.

Dawa, kwa asubuhi za baridi

Kwa vikombe vinne: twanga gramu 60 za tangawizi pamoja na ganda lake lililosuguliwa vizuri. Twanga kwenye kinu, usikate vipande. Unataka nyuzi zipasuke. Chemsha kwenye lita moja ya maji, umefunika, dakika 15. Maji ya Nakuru yanapochemka hayana joto kama yale ya Kisumu, kwa hiyo mimi huongeza dakika tano. Ukiwa na mchaichai, kunja majani matatu uyatupe humo dakika za mwisho.

Ipua. Subiri hadi uweze kushika kikombe bila kukirudisha mezani, ndipo ukamulie ndimu mbili na utie asali vijiko vikubwa vitatu. Ukichemsha ndimu na asali pamoja na tangawizi, harufu zote nzuri zinapotelea hewani, unabaki na uchungu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kuonja, ni hatari kwake. Kama asali ni ghali, sukari nguru inafaa sana, na huku magharibi, kwenye nchi ya miwa, haikosekani. Ichague ya kahawia isiyo na mchanga, na uichuje baada ya kuyeyuka.

Chai ya tangawizi isiyokatika

Swali ninaloulizwa zaidi Nakuru ni hili: kwa nini maziwa yangu yanakatika nikitia tangawizi? Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto ndio unaokiua. Basi anza na maji. Vikombe viwili vya maji, tangawizi iliyotwangwa kijiko kikubwa, iliki tatu zilizopasuliwa na kipande cha mdalasini; yatokote dakika tano kamili. Tia majani ya chai vijiko viwili vya chai, dakika mbili. Sasa ndipo umimine vikombe viwili vya maziwa, uache yapande, uteremshe moto, yapande tena. Maziwa ya shambani yasiyochemshwa usiyaonje kabla hayajapanda hivyo.

Ukitumia sukari nguru, usiitie sufuriani na maziwa yakiwa motoni, kwa sababu nayo inaweza kuyakata. Ipua kwanza, hesabu hadi mia, kisha uikoroge humo. Suuza thamosi kwa maji ya moto kabla ya kumimina chai. Thamosi baridi inakunywea joto la kikombe kizima, na ukiifanya hivyo saa kumi alfajiri, saa tatu asubuhi bado chai inatoa mvuke.