Hewa safi chumbani bila feni kunguruma: somo kwa wanaojenga Mwanza

Wadau, nimeulizwa sana kuhusu zile mashine za Ulaya zinazotoa hewa chafu na kubakiza joto lake ndani. Tuanze na hesabu. London mwezi wa kwanza, tuseme nje ni nyuzi 5, ndani 20. Hewa inayotoka na inayoingia hupishana kwenye mabamba membamba bila kuchanganyika. Kifaa kikirudisha asilimia 80 ya tofauti hiyo, hewa mpya inaingia na nyuzi 17. Mwenye nyumba kaokoa gesi. Sasa njoo Mwanza: usiku nje 19, ndani 27 kwa sababu bati limechomwa mchana kutwa. Unarudisha joto lipi? Ubaridi wa nje ndio unaoutafuta! Hata mwenye kiyoyozi, nje 29 na ndani 24, anagombania nyuzi 5 tu. Hela ya mashine hiyo iwekeze kwenye ukimya: feni ya kawaida inayovuta hewa chafu kupitia mabomba, bila kunguruma.

Hatua ya 1: kiasi cha hewa. Kadiria mita za ujazo 30 kwa saa kwa kila mtu. Nyumba ya watu wanne ni 120: iingie vyumbani kwa matundu ya ukutani, itolewe kwa bomba, 60 chooni na 60 jikoni. Acha uwazi wa sentimita moja na nusu chini ya milango.

Hatua ya 2: bomba. Fundi atakwambia inchi 4 inatosha. Kwa hewa, ndiyo. Kwa masikio, hapana. Mita 60 kwenye inchi 4 hukimbia mita 2 kwa sekunde na ushei. Kwenye inchi 6 haifiki mita 1. Kelele hupanda haraka kuliko mwendo, kwa hiyo ongeza kipenyo kabla ya kununua feni ya bei mbaya. Badala ya kona moja ya nyuzi 90, weka mbili za 45. Na bomba litoke nje kabisa. Likiishia juu ya dari, mvuke utageuka matone ya maji chini ya bati yakudondokee.

Hatua ya 3: feni. Chukua kubwa kidogo, uiendeshe polepole. Ining'inize kwenye kenchi kwa vipande vya tyubu ya pikipiki, juu ya korido. Usiifunge kwenye dari. Dari ni ngozi ya ngoma.

Hatua ya 4: wavu. Vijidudu vya ziwani mnavijua. Wavu hubana hewa, hivyo tundu liwe mara mbili ya hesabu, na taa ya nje ikae mbali nalo.

MASWALI

Nyegezi: Mkuu, umeme inakula kiasi gani?
— Feni ya wati 25 ikiwaka saa 24 ni uniti 0.6. LUKU haitakulilia.

Kirumba: Msimu wa mvua tunapikia mkaa ndani. Itatosha?
— Hapana, dada. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua. Feni hii haikupangiwa kazi hiyo. Jiko libaki barazani.

Luchelele: Umeme ukikatika je?
— Fungua madirisha yenye wavu. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Kama hujapiga lipu bado, tundu la chumba cha kulala liweke upande wa nchi kavu, mlimani.