AC ya gari haipoozi? Usikimbilie kujaza gesi

Wakuu, leo ni AC na hita. Kinachowamaliza watu pesa ni hiki: AC inapuliza joto, gari linapelekwa kujazwa gesi, linapoa kwa muda, tatizo linarudi. Gesi ya AC haiungui kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, kwa hiyo ikipungua, imevuja. Tafuta panapovuja kwanza.

Hatua ya 1: Upepo. Ukiwa dhaifu hata feni ikiwa namba ya juu, toa filta ya AC. Kwenye magari mengi iko nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria. Ikiwa imeziba, badilisha.

Hatua ya 2: Kompresa (pampu inayosukuma gesi). Washa injini, fungua boneti, mwenzako abonyeze AC. Puli inazungushwa na mkanda muda wote, lakini sahani ya mbele hushika AC ikiwashwa, na utasikia "tak!" Isiposhika, kagua fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na waya. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, shuku gesi pungufu: swichi ya presha inaizima kompresa kuilinda, maana oili inayoilainisha husafiri na hiyo hiyo gesi. (Kompresa nyingine hazina klachi, yaani hiyo sahani inayoshika, hizo zinahitaji geji za kupima presha na mashine ya kusoma kompyuta ya gari.)

Hatua ya 3: Uvujaji. Pitisha tochi kwenye maungio ya paipu na uso wa kondensa (ile kama redieta iliyo mbele ya gari, inayopooza gesi). Ukiona vumbi limegandana na oili mahali pamoja, hapo ndipo. Mara nyingi ni oringi (pete ya mpira ya kuziba) tu.

Hatua ya 4: Geji. Kwa R134a (aina ya gesi ya AC), injini ikiwa inaunguruma na AC imewashwa, upande wa presha ya chini husoma takriban psi 25–45, wa presha ya juu 150–250, kutegemea joto la nje. Zote chini: gesi pungufu. Zote juu: kondensa chafu, feni yake haifanyi kazi, au gesi imezidi. Chini imepanda na juu imeshuka: kompresa imechoka.

Ukisharekebisha, vuta vakyumu (toa hewa yote kwenye mfumo kwa pampu) kama nusu saa, funga, subiri. Mshale wa geji ukirudi kupanda, bado panavuja. Kisha jaza kwa uzito ulioandikwa kwenye stika ya boneti, si kwa kukisia. Vaa miwani na glavu, kwani gesi hii hugandisha ngozi na jicho. Usichanganye R134a na R1234yf (gesi ya magari mapya).

Hita ni rahisi zaidi. Injini ikishapata moto, gusa kwa uangalifu mipira miwili inayoingia kabini. Mmoja moto na mwingine baridi: redieta ya hita imeziba au vali haifunguki. Yote vuguvugu: angalia kiwango cha kulanti, yaani maji ya kupoozea injini (injini ikiwa imepoa!), na themostati (vali inayodhibiti joto la injini).

MASWALI

*Mkuu, yangu inapoa nikiwa mwendoni, kwenye foleni inaleta joto.*
Feni ya kondensa. Ukitembea, upepo wa barabarani unafanya kazi yake. Washa AC gari likiwa limesimama uone kama inazunguka.

*Fundi, zulia la abiria limelowa. Ni gesi?*
Hapana, gesi haiachi maji. Gusa kidogo kwa kidole. Yakiwa maji safi, mpira wa kutolea maji ya AC umeziba, uzibue. Yakiteleza na kunukia utamuutamu, ni kulanti, redieta ya hita inavuja. Hiyo ni sumu, usionje, na usiendelee kuliendesha.