Msafara wa baiskeli Malindi: jinsi ya kupeleka taarifa polisi, na jinsi ya kudai kivuko cha waendao kwa miguu baadaye

Kwanza lifahamike hili, maana ndilo linalowapotezea watu wiki nzima: kwa polisi huombi ruhusa. Unatoa taarifa. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka, na Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka tu mkuu wa kituo cha polisi (OCS) ajulishwe. Ukiandika juu ya barua "Ombi la ruhusa", umeshajiweka mahali pa kungoja jibu. Andika "Taarifa ya msafara wa baiskeli", na utaje sheria yenyewe kwenye mstari wa kwanza. Taarifa haina ada.

Usidhani safari ya kujifurahisha imesamehewa. Mkutano wa burudani una nafuu yake katika sheria hiyo, lakini kundi linalopita barabara ya umma kwa pamoja ni msafara, hata kama wamo watoto na mabango ni ya makuti.

Siku ndizo zinazowaponza wengi. Taarifa ipelekwe si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya tarehe. Watu makini hupeleka mwezi mzima mapema wakidhani wanajitendea mema. Barua inapokelewa, inawekwa kwenye faili, na wiki ya safari mtu wa zamu anasema haimo ndani ya muda. Tukichukua mfano wa Siku ya Baiskeli Duniani, tarehe 3 Juni: barua iingie kituoni kuanzia tarehe 20 Mei hadi tarehe 31 Mei, na iliyo bora ni tarehe 21 au 22, ili kukitokea kasoro bado una siku za kuirekebisha. Mapema zaidi ya hapo unaweza kwenda kuulizia kwa mdomo kama tarehe hiyo ina shughuli nyingine, kwa sababu kituo hutakiwa kuweka kumbukumbu ya taarifa zote zilizopokelewa. Kama kuna msafara mwingine siku hiyo, saa hiyo na mahali hapo, mkuu wa kituo anatakiwa akujulishe kwa maandishi.

Ndiyo maana anwani yako ni lazima iwe ya mahali, si sanduku la posta peke yake. Sheria inataka majina kamili na makao ya waandalizi. Mitaa yetu haina namba za nyumba, kwa hiyo eleza kama unavyomwelekeza mgeni: Maweni, nyuma ya msikiti fulani, nyumba ya mlango wa kijani, na namba ya simu inayopatikana mchana.

Saa nazo zina mtego wake, na huu unatupata sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Msafara unaruhusiwa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ukiandika "saa 1.00 hadi saa 4.00" kwenye fomu ya Kiingereza, anayesoma ataona saa saba mchana mpaka saa kumi, na askari wa kukusindikiza watapangiwa mchana. Andika 7.00 a.m. hadi 10.00 a.m., na kwa mkono ongeza chini yake "saa moja hadi saa nne asubuhi". Mwezi wa Ramadhani usipange mchana watu wamefunga na jua limewaka, wala usitegemee baada ya futari, kwa sababu hapo saa za sheria zimekwisha. Ijumaa iache kabisa. Jumapili saa moja asubuhi ndiyo saa nzuri: malori ni machache na joto halijapanda.

Njia iandikwe kona kwa kona. "Kuzunguka mji" si njia. Andika: kutoka Uhuru Gardens, Barabara ya Lamu, kona fulani, kurudi Uhuru Gardens, umbali wa kila kipande na dakika zake. Kundi lenye watoto huenda kilomita 10 hadi 12 kwa saa, hivyo kilomita 12 ni saa nzima na zaidi, na vituo vya maji viongezee nusu saa. Chora ramani kwa kalamu kwenye karatasi moja ya A4, uweke alama ya X kila makutano yatakayosimamiwa. Ramani hiyo mkuu wa kituo huielewa upesi kuliko kurasa tatu za maelezo.

Kama njia inatoka mjini kwenda Gede na Watamu, eneo la polisi linabadilika. Watamu ina kituo chake. Peleka taarifa mbili, na kila moja itaje kwamba kituo kingine nacho kimejulishwa. Kwenda Mambrui kwa daraja la Sabaki ni vivyo hivyo, kwa kuwa ukivuka unaingia Magarini. Msafara kusimamishwa katikati kwa sababu upande wa pili haukujua chochote ni jambo linaloumiza, hasa kwa watoto waliokwisha kupiga pedali kilomita kumi.

Chapisha nakala nne: moja ya kituo, moja ya ofisi ya manispaa, moja ya mamlaka yenye barabara, na moja yako. Hii ya nne ndiyo ya kulinda. Igongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na jina la aliyepokea liandikwe kwa mkono. Ukiambiwa mhuri umefungiwa na mwenye ufunguo hayupo, subiri. Rudi saa nane ikibidi. Usiondoke na maneno "tumeipata, nenda tu", kwa sababu aliyeyasema anaweza kuhamishwa au kuwa mapumzikoni siku ya safari, na mkononi hutakuwa na kitu.

Manispaa ya Malindi na kaunti huingia pale unapotumia uwanja wa umma, hema au vipaza sauti. Ada zipo na hubadilika. Dai bili iliyoandikwa kwanza, lipa kwa namba iliyo kwenye bili, na weka ujumbe wa M-Pesa pamoja na risiti. Pesa taslimu mkononi mwa mtu usitoe. Kibali cha kelele kinaombwa kando, na huchukua muda, kwa hiyo kama spika si ya lazima, filimbi na megafoni moja vinatosha. Msalaba Mwekundu waandikie wiki mbili kabla kuhusu huduma ya kwanza.

Siku yenyewe, mwandalizi aliyetajwa kwenye taarifa, au wakala aliyemteua, lazima awepo mwanzo hadi mwisho na asaidiane na polisi kuweka utulivu. Basi asiyeweza kukaa juani asiweke jina lake. Panga msimamizi mmoja kwa kila waendeshaji 10, na wawili kila makutano, wote na vesti za kung'aa. Baiskeli 60 zikienda mbilimbili ni safu 30, na kila safu inakula kama mita 3, yaani mkia wako una mita 90. Tuktuk ikikata katikati, kundi linagawanyika na nusu ya pili haijui kona. Msimamizi wa makutano haondoki mpaka wa mwisho apite.

Mwezi Juni kusi kinavuma, basi elekea kusini mwanzoni watu wakiwa na nguvu, mrudi upepo ukiwasukuma mgongoni. Fundi mmoja afuate nyuma na spana za 14 na 15, pampu, viraka, solusheni, tyubu za 26 na za 28 kwa mamba, yaani zile baiskeli nzito za chuma. Mamba zetu zina cheni zilizoliwa na chumvi. Zipitie mafuta siku moja kabla, na anayekuja na breki za mguu peke yake asiwekwe mbele.

Sasa kivuko

Msafara bila karatasi ya madai ni matembezi, na matembezi hayapaki rangi kivuko. Lakini hapa ndipo barua nyingi nzuri zinapofia, kwa sababu zimepelekwa kwa asiye na barabara. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, na ofisi yake ya kanda ya Pwani iko Mombasa. Za mitaani nyingi ni za kaunti, na nyingine ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Mwakilishi wa wadi hawezi kuweka matuta kwenye barabara ya KeNHA hata akiahidi hadharani. Kabla ya kuandika lolote, mwandikie msimamizi wa wadi au mhandisi wa barabara wa kaunti swali moja tu: kipande hiki, kutoka hapa hadi hapa, ni cha nani? Jibu liwe la maandishi. Likikawia, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu.

Halafu hesabu. Chukua mfano wa njia panda ya Gede, pale wa Watamu wanapokata. Watu wawili wakae kuanzia saa kumi na mbili u nusu hadi saa mbili asubuhi, siku tatu za kazi, waandike kila dakika 15: waendao kwa miguu, watoto wa shule, baiskeli, bodaboda, magari. Saa hizo ndipo utawaona walinzi wakitoka zamu, na mchuuzi wa samaki juu ya mamba, karai limefungwa nyuma kwa vipande vya tyubu, maji ya barafu yakidondoka kwenye lami. Basi likipiga honi hana pa kwenda ila ukingoni, na pale lami ilipomeguka gurudumu la mbele linashuka ghafla na mzigo unamvuta. Kipime kina cha mmeguko huo kwa rula na upige picha rula ikiwa pale pale.

Pima na upana wa barabara kwa futi kamba, kisha fanya hesabu hii kwenye barua. Barabara ya mita 7, mtu mzima mwenye mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, anavuka kwa karibu sekunde 6. Bibi mwenye mkongojo, mita 0.8 kwa sekunde, anahitaji karibu sekunde 9. Gari la kilomita 50 kwa saa, kikomo cha ndani ya miji, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kabla bibi hajamaliza, limekuja kutoka mita 120. Kama kona au kibanda kinaziba macho kabla ya mita hizo 120, bibi huyo hana njia salama ya kuvuka, na hilo mhandisi hawezi kulipinga kwa maneno. Gari likienda kilomita 30, umbali huo unashuka hadi mita 75 hivi.

Kwa barabara ya kaunti, ombi rasmi linakwenda kwa karani wa Bunge la Kaunti ya Kilifi, ambalo liko hapa hapa Malindi. Linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Lugha iwe ya heshima, pasiwe na maandishi yaliyofutwa wala kukatwa, na useme ulikwishapeleka jambo hili wapi na ulijibiwa nini, na kama liko mahakamani au haliko. Kila ukurasa wa saini ubebe kichwa cha ombi. Kurasa zenye majina matupu, hata yakiwa mia tano, ni orodha tu ya watu, haijulikani wametia saini nini. Kila mtu aandike jina, makao, namba ya kitambulisho na saini, na asiyeandika aweke dole gumba.

Tarehe pia. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kabla ya 1 Septemba. Dai lako liwe mezani mwanzoni mwa Agosti. Likiletwa Machi, makadirio ya bajeti yanakaribia kupelekwa bungeni mwishoni mwa Aprili, na kivuko chako hakimo katika mpango wowote.

Na mstari wa kuomba uandike kwa ukamilifu. Ukiomba "matuta" utapewa nundu la lami lisilo na rangi wala alama, na usiku wa giza mwenye baiskeli ndiye atakayeruka nalo. Omba tuta la mviringo lililopakwa rangi, alama ya onyo kabla yake pande zote mbili, kivuko cha pundamilia, taa moja ya barabarani, na ukingo wa lami uliomeguka ujazwe mita 50 kila upande.