Kabla hujamshusha mtu kwenye tenki au shimo

Kofia ngumu, buti, glavu, ngazi iliyofungwa juu isiteleze: hivyo unavijua, vinunue. Taa iwe ya betri, siyo balbu ya kuning'iniza kwa waya uliochubuka. Pampu ya petroli ibaki nje, mbali na mdomo wa kisima, na upepo uupeleke moshi upande mwingine. Moshi ule una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo ikijaa kisimani inammaliza mtu akiwa bado ameshika ndoo. Na kama ni shimo la choo na gari la kunyonya linafika, ita gari. Penye bomba usimshushe binadamu.

Usitegemee pua. Gesi ya shimo la choo inayonuka kama yai viza, haidrojeni salfaidi, inasikika ikiwa kidogo tu. Ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni ya hewa, pua hufa ganzi. Harufu inapotea, kijana anasema "imeisha, nashuka", kumbe ndiyo imezidi. Ikipita 500, ni suala la dakika. Na tope likikorogwa, gesi iliyokuwa imetulia ndani yake hutoka kwa mkupuo, kwa hiyo hewa uliyoipima asubuhi siyo hewa ya saa tano.

Kibatari nacho kiache. Najua wachimba visima walikuwa wakikishusha kwa kamba, kikizimika hawaendi. Moto wa kibatari unaweza kuendelea kuwaka hadi oksijeni ishuke karibu na asilimia 16, wakati chini ya 19.5 tayari hutakiwi kuingia. Gesi ya yai viza hakiioni kabisa. Na kama shimo lina metani ya kutosha, yaani gesi inayowaka, kibatari hakizimiki, kinalipua. Tafuta kipima gesi kinachosoma vitu vinne: oksijeni, gesi inayowaka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Kishushe kwa kamba, usome juu, katikati na chini, maana metani hupanda na haidrojeni salfaidi huzama. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kama huna uwezo wa kununua, kodi au azima.

Mimi hayo ya mashimo ya choo niliyajua. La tenki jipya sikulijua.

Ilikuwa nyumba ya mtu binafsi, nje kidogo ya Dar es Salaam. Tulikuwa tumemwaga zege la tenki la maji la chini, zege la juu limeshikiliwa na mbao na mirunda kwa ndani, tukaacha mdomo wa futi mbili kwa mbili. Mwenye nyumba akaishiwa hela, kazi ikasimama. Mvua ikanyesha, maji yakaingia yakafika kama magotini, mtu akaweka bati juu ya mdomo watoto wasitumbukie. Tuliporudi ilikuwa imepita karibu miezi miwili. Tenki halijawahi kuona kinyesi wala mafuta. Nilipofunua bati nilisikia harufu ya mbao zilizovunda, nikasema mbao zimeoza, basi. Nikamwambia saidia fundi ashuke aanze kutoa mirunda.

Alishuka ngazi hatua kama tano. Hakupiga kelele, hakukohoa. Mikono iliachia tu, kama ya mtu aliyesinzia kwenye daladala, tukasikia maji. Mwenzake, mtoto wa mama yake mkubwa, alikuwa ameshavua viatu kabla sijasema neno. Akashuka, akamshika bega, akaegemea ukuta na kulegea palepale. Wa tatu nilimdaka mkanda wa suruali akiwa na mguu mmoja ndani. Alinipiga kiwiko cha mdomo, ananitukana kwamba naacha watu wafe. Nilimng'ang'ania hivyo hivyo.

Fundi gereji wa jirani alileta kompresa yake, tukatumbukiza mpira ukawa unapuliza upepo chini huku tukiwanasa nguo kwa nondo tuliyoikunja ndoano. Aliyeshuka kwanza alikuwa ameshafariki. Wa pili aliishi, ila hadi leo hawezi kusoma futi kamba, na yeye ndiye aliyekuwa ananipimia.

Baadaye nilielezwa, na nakueleza wewe bure. Ubao uliolowa ukifungiwa, ukungu na bakteria wanaoula hutumia oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini. Kutu nayo hula oksijeni, kwa hiyo hata tenki tupu la chuma lililofungwa muda mrefu ni mtego. Tena mwili hauna kengele ya kutegemea ya oksijeni iliyopungua. Ile hali ya kutaka hewa inaletwa hasa na kaboni dioksaidi iliyojaa kwenye damu. Ndiyo maana palipo na uhaba wa oksijeni peke yake mtu anaweza kuanguka bila kuhisi amekabwa. Ikishuka sana, pumzi chache zinatosha.

Kwa hiyo tenki likiwa jipya, likiwa safi, likiwa la maji ya kunywa, pima. Kisha puliza hewa kwa feni yenye bomba linalofika chini kabisa, upime tena, na feni isizimwe mpaka mtu wa mwisho atoke. Usifungulie mtungi wa oksijeni wa kuchomelea eti kuongeza hewa. Oksijeni ikizidi, cheche moja inawasha nguo na nywele. Barakoa ya vumbi haikupi oksijeni hata chembe.

Pili, uokoaji uandaliwe kabla mtu hajashuka. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa sehemu za namna hii walikuwa watu walioingia kuokoa. Anayeshuka avae mkanda wa mwili mzima, kamba ifike juu kwenye stendi ya miguu mitatu yenye winchi. Mtu wa juu kazi yake iwe moja, kumtazama wa chini. Hachanganyi zege, haendi kununua maji, hachezei simu. Jaza viroba vya mchanga hadi uzito wa mtu mzima, vishushe, muone kama mnaweza kuvipandisha kupitia mdomo huohuo. Sisi tungefanya hivyo siku ile tungegundua kwamba hatuwezi. Zimamoto ni 114, pigeni mara moja, lakini ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika kama nne.

Mafunzo nayo ni kila asubuhi, kwa sababu vibarua wa jana siyo wa leo. Usimuulize kijana "umeelewa?" Atasema ndiyo. Mwambie akueleze yeye atafanya nini mwenzake akianguka. Akijibu "namfuata", huyo hashuki, wala hakai mdomoni. Fundi wa miaka ishirini naye aulizwe.

Mengine ni ya kawaida. Rangi za mafuta na thina ndani ya tenki zinalevya na zinawaka, kwa hiyo sigara na kuchomelea viwe mbali. Mvua ikitanda, toeni watu. Ukilipa kwa kipande watakimbizana, lipa kwa siku. Aliyelewa jana asishuke leo, na mwenye pumu pia. Mdomo ukiachwa wazi usiku uzungushiwe uzio, usifunikwe na bati kama tulivyofanya sisi. Na kabla ya kufunika moja kwa moja, hesabu watu.